Alarm ya gari yangu ililia mazishini, wakataka kuninyang'anya ufunguo

Wakuu, na nyinyi wadogo mnaojiita wakuu, susu wenu, bibi mwenye wajukuu, amefika.

Niko Migwani, Kitui. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona maandishi yamepinda msome hivyo hivyo. Kidole ni kimoja na simu ni ndogo. Lakini haya nimeyaona na macho yangu mawili. Mwenye kubisha aje soko la Migwani aulize mama wa Probox ya kijivu. Ataonyeshwa na mtu wa kwanza.

Nimesoma huku ndani nyuzi nyingi za magari. Mtu anasema alarm yake inalia ovyo, jibu la kwanza anapewa ni "kata waya". La pili ni "uza".

Mimi sikukata na sikuuza. Kaeni chini.

Gari ni yangu. Naanzia hapo kwa sababu kuna watu, hata wa nyumba yangu, hiyo huwa wanasahau. Sikuachiwa na marehemu mzee wangu, yeye aliacha baiskeli bila mnyororo. Sikununuliwa na mtoto. Ni ndengu. Miaka ya kuzunguka kwa mashamba ya watu nikinunua ndengu, kupepeta, kuchagua mawe na kuuza, mpaka gari ikapatikana.

Leseni nilipata nikiwa na wajukuu watano. Yule wa kunifundisha alinicheka, "Susu, clutch si jembe." Nikamwambia jembe nalijua, nifundishe hii.

Alarm niliwekewa mwanzo wa mwaka huu, baada ya magari mawili kuchukuliwa hapa soko mchana kweupe wenyewe wakinywa chai. Fundi ni kijana wa Kitui mjini, nitamwita Musili. Aliweka king'ora chini ya bonnet, sensor ya kusikia mtikisiko, waya za milango yote mpaka boot, na taa ndogo nyekundu kando ya usukani. Nikibonyeza remote gari inasema "twii" na watu wanageuka. Sitadanganya, nilikuwa naibonyeza hata bila sababu.

Wiki tatu hivi, ikaanza.

Napaki soko asubuhi, nafunga, naenda kwa magunia yangu. Saa sita, saa saba, jua likiwa katikati ya kichwa, king'ora! Naangalia, hakuna mtu karibu. Hakuna hata kuku. Nazima, nafungua milango, naibamiza tena, inanyamaza nusu saa. Halafu tena.

Nyumbani haikulia hata siku moja. Mnishikie hiyo.

Kuna Kanini, anauza nyanya mkono wangu wa kushoto, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Mama Mutinda, hiyo gari yako inaita nani kila siku?"

"Inaita mume wako aje akuchukue, umetuchosha."

Tulicheka siku hiyo. Siku ya nne hakuna aliyecheka. Wateja walikuwa wanaongea na mimi wameziba masikio.

Nikarudi kwa Musili. Akasema sensor ni kali, inasikia malori. Akaipunguza. Ikalia. Nikarudi, akabadilisha king'ora kizima. Ikalia na sauti mpya, kali kuliko ya kwanza. Nikarudi, akaweka betri mpya kwa remote. Ikalia.

Safari ya nne akaniangalia vile daktari anaangalia mtu wa kufa.

"Susu, usikasirike. Labda unakalia remote."

"Musili, mimi nimekalia viti vingi na najua kila wakati nimekalia nini."

"Basi nikutolee hiyo alarm kabisa. Upate amani."

Nikakataa. Nina mbwa nyumbani. Akibweka kutwa naenda kuangalia kichakani kuna nini, simkati ulimi. Na hayo magari mawili yaliyoibiwa hayakuwa na alarm, mnataka nikae mstari mmoja nao?

Sasa sikieni aibu yenyewe.

Binti yangu Mwende ameolewa upande wa Makueni, Mbumbuni. Baba mkwe wake akafariki. Kwetu Ukambani unaenda kwa wakwe na heshima, hata kicheko unakipima kabla ya kukitoa. Na mazishi ya mkwe ni zaidi. Nilivaa kitenge kipya, nikabeba mashemeji wangu wawili na gunia la ndengu, tukafika saa tatu. Tukapaki kwa shamba lililovunwa, uwanja mtupu, jua tupu.

Mchungaji akaomba. Wakaimba. Jeneza likashikwa na kamba, akasema, "Tunyamaze."

Watu wakanyamaza.

Gari yangu haikunyamaza.

Wakuu, nilivuka ule umati wote peke yangu. Kila mtu aliona kitenge changu kikipita. Ufunguo uko ndani ya kiondo, na kiondo cha mwanamke mnakijua. Nikatoa Biblia, nikatoa miwani, nikatoa leso, nikatoa karanga, king'ora kinalia na wabeba jeneza wamesimama na kamba mkononi. Nikazima. Nikabamiza milango. Nikarudi mahali pangu kichwa juu, kwa sababu kichwa changu hakiinamishwi na chuma.

Dakika kumi, wakati wa udongo, ikalia tena.

Hapo mzee mmoja wa kwao akasema, na hakusema polepole, "Hiyo ni gari ya Kitui. Imefungwa kamuti."

Watu wakacheka. Kaburini!

Najua kuna mtu hapa amesoma neno Kitui na kidole chake tayari kinaandika hiyo comment ya uchawi. Futa. Tumewazoea. Mimi nimezaliwa Kitui, nimezeekea Kitui, na sijaona kamuti ikifunga waya.

Baada ya chakula, Mutinda akasimama. Huyo ni mtoto wangu wa kwanza, anafanya kazi Nairobi, na ule ufunguo wa pili wa gari hukaa naye kwa sababu mimi mwenyewe nilimpa, uwe akiba nikipoteza wangu. Akaongea mbele ya wakwe.

"Mwaitu, mama yangu, hii gari imekushinda. Umetuaibisha. Wacha niichukue niiuze, nikununulie ng'ombe wa maziwa utulie nyumbani."

"Ng'ombe atanipeleka Kitui na magunia?"

"Utachukua usafiri kama akina mama wengine."

Akina mama wengine! Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, nikasema mbele ya wote, pamoja na yule mzee wa kamuti:

"Jumamosi njoo Migwani. Kaa na mimi soko kuanzia asubuhi. Gari ikilia ovyo, nitakupa ufunguo na mkono wangu huu. Isipolia, wewe utanipa ule ulio nao, na hutaongea tena juu ya gari yangu mpaka nizikwe."

Mwende akanivuta kitenge. Nilikuwa nimeshasema. Na mimi nikisema mbele ya wakwe nimesema. Hakuna kurudi nyumbani kusema nilikuwa na hasira.

Kwa hivyo nilikuwa na siku tano.

(Yule atakayeuliza kwa nini sikukata tu waya Ijumaa jioni na kunyamaza: kwa sababu huo ni wizi, na ninayemwibia ni mimi.)

Sasa ile kazi yenyewe. Someni hapa vizuri, ndiyo mtabeba.

Nina kuku. Kuku mmoja akianza kula mayai, huchinji wote. Unamtenga mmoja leo, unaangalia mayai. Unamrudisha, unamtenga mwingine kesho. Musili alikuwa anachinja kuku wote. Alikuwa anabadilisha vitu bila kujua nani amekula yai.

Jumatatu nikapaki soko, nikangoja. Saa saba kasoro ikalia. Nikazima, lakini safari hii sikukimbilia milango. Nilikaa tu ndani nikaitazama. Na nikaona ile taa nyekundu ndogo inapepesa. Mara tatu, inatulia. Mara tatu, inatulia.

Miezi yote hiyo, hakuna aliyeiangalia. Hata mimi.

Nikampigia Musili. "Musili, taa inapepesa tatu. Ni nini?"

"Hiyo ni urembo tu, Susu."

Urembo. Nikafungua dashboard, nikatoa ile karatasi iliyokuja na alarm. Kizungu kidogo kama mchwa. Lakini nyuma kulikuwa na picha, na picha hazihitaji darasa la nne. Gari inagongwa, kando yake kidoti kimoja. Gari imefunguliwa bonnet, vidoti viwili. Gari imefunguliwa mlango, vidoti vitatu.

Sikuamini karatasi vile vile. Karatasi nyingi nimewekea kidole maishani na zikasema uongo. Nikaipima. Nikafunga gari, nikapiga tairi teke mpaka ikalia, nikazima: ikapepesa mara moja. Nikafunga tena nikiwa nimekaa ndani, nikavuta ile waya ya bonnet: ikalia, mara mbili. Soko lote lilikuwa linanitukana wakati huo lakini nilikuwa nahesabu.

Kwa hivyo si lori, si sensor, si remote, na si makalio ya mtu. Gari ilikuwa inasema, "Mlango umefunguka." Kila siku inasema. Na milango yote imefungwa!

Lakini ni mlango upi? Iko mitano, kuhesabu na wa boot.

Jumanne na Jumatano nilikaa nikifikiria hiyo. Nilikuwa napepeta ndengu mkono unaenda na kichwa kiko kwa gari. Halafu nikakumbuka taa ya kwa paa, ile ya ndani. Mlango wowote ukifunguka, inawaka. Mimi nilikuwa nimeizima siku nyingi kwa kuambiwa inamaliza betri. Nikairudisha pale katikati, ikubali kuwashwa na milango.

Alhamisi nikaenda soko, nikapaki pale pale, namna ile ile. Huku kwetu sote tunapaki matako ya gari yakiangalia jua, ili usukani usichome mikono wakati wa kurudi. Nikakaa ndani, milango imefungwa lakini alarm sijaiwasha, dirisha limeshuka vidole viwili nisife. Mchana ile taa haionekani vizuri, kwa hivyo nikajifunika leso, kichwa na taa pamoja, kama mtu anayejifukiza homa.

Kanini akaniona.

"Mama Mutinda! Unaiombea gari?"

"Uza nyanya."

"Mwambieni Mutinda asingoje Jumamosi, mama yake ameanza kukaa ndani ya leso!"

Nilivumilia. Jasho liliteremka mpaka kwa viatu. Saa sita ikapita. Nilikuwa nimeanza kuona nyota za kizunguzungu, halafu taa ya paa ikawaka. Yenyewe! Hakuna mlango ulioguswa na mtu.

Sasa mimi nikitoka nitafungua mlango wangu na kuharibu kila kitu. Nikatoa mdomo kwa dirisha.

"Kanini! Weka nyanya chini, kuja."

"Mimi?"

"Wewe una kiuno au huna? Sukuma mlango huu wa nyuma, usiufungue, usukume tu."

Akasukuma. Taa inawaka. Akazunguka upande wa pili, akasukuma. Inawaka. Mbele, inawaka. Wangu nikausukuma mwenyewe na bega. Inawaka.

"Nenda nyuma. Egemea boot."

Kanini si mwanamke mdogo. Akaegemea vizuri kabisa.

Taa ikazima.

"Toka!" Ikawaka. "Rudi!" Ikazima. "Toka! Rudi!"

"Aiya! Ni mimi naizima?" Kanini akaanza kucheka peke yake nyuma ya gari, anaegemea na kuondoka, anaegemea na kuondoka, mpaka watu wakaja kuona.

Nikashuka, nikafungua boot. Pale ukingoni kuna kidude kama kidole kifupi. Mlango ukikibonyeza, gari inajua boot imefungwa. Kikiachiliwa kidogo tu, gari inajua imefunguliwa. Nikaangalia nini kinasukuma mlango usikibonyeze.

Wakuu, nilikaa pale pale ukingoni.

"Mama Mutinda, ni nini?"

"Ni mimi," nikasema.

Barabara zetu za ndani ni vumbi jekundu. Lilikuwa linaingia kwa boot na kukaa kwa ndengu, na wanunuzi wanazikataa, wanasema ni za mwaka jana. Kwa hivyo kama wiki tatu baada ya kuwekewa alarm, nilichukua tyubu kuukuu ya lori, nikaikata mikanda, nikaibandika na gundi kuzunguka mlango wote wa boot. Na mikono yangu hii. Vumbi likaisha na nikajisifu kwa Kanini wiki nzima.

Asubuhi raba iko baridi, mlango unafunga sawa. Jua likipiga matako ya gari masaa matatu, raba inavimba, na zile nguzo mbili za gesi zinazoinua mlango nazo zinasukuma zaidi kwa joto. Mlango unatoka nje kidogo, kiasi cha unene wa kucha. Kidole kinaachiliwa. King'ora.

Nyumbani gari inalala kivulini chini ya mwarobaini. Ndiyo maana ilikuwa kimya. Mbumbuni ilikuwa uwanjani tangu saa tatu. Musili akiifungua kuipima ilikuwa chini ya mabati yake, kwa baridi. Kila kitu kikakaa mahali pake.

Niseme ukweli, kuna sauti iliniambia, bandua usiku huu na useme ni fundi aliyekosea. Musili alikuwa anastahili, kwa ile ya kukalia remote. Lakini waya zake zilikuwa sawa. Alarm yake ilikuwa inasema ukweli kuliko sisi wote.

Ijumaa nikabandua zile raba zote na kisu na mafuta ya taa. Kile kidole nikakisugua na msasa, nikakipaka grisi kidogo. Magunia nitakuwa nafunika na turubai, vumbi litulie hapo juu. Nikapaki juani kutwa nzima, taa ya paa ikiwa tayari. Haikuwaka hata mara moja.

Jumamosi Mutinda akafika, shati safi, ufunguo wake kwa kidole anauzungusha.

"Mwaitu, tayari?"

"Kaa hapo kwa gunia. Usiongee na wateja wangu."

Nikapaki matako kwa jua, nikafunga. Saa nne. Saa tano. Malori yakapita. Saa sita Mutinda akatoa saa yake akaiangalia, nikajifanya sijaona, nikaendelea kupima ndengu. Saa saba. Kanini aliacha kuuza kabisa, amekaa ameshika tama. Saa nane.

Kimya.

Mutinda akainuka, akazunguka gari, akaigonga kwa paa. Gari ikatoa "twii" moja ya kuonya na kunyamaza, vile inatakiwa.

"Mwaitu, umekata waya."

"Sikukata."

"Umekata. Haiwezi kulia hii."

"Dirisha lile nimeliacha wazi kiasi cha mkono. Ingiza mkono, ufungue mlango."

Akacheka. Akakunja shati lake safi, akaingiza mkono mpaka kwapani, akavuta kile kishikio cha ndani.

Wakuu, king'ora kile kipya cha Musili! Mutinda aliruka, mkono umekwama kwa dirisha, soko lote limesimama, vijana wa boda wamekuja mbio na fimbo, "Mwizi! Mwizi!" Nikanyanyua remote, nikangoja kidogo, nikazima.

Akatoa mkono. Kwa sababu ni mtoto wa mama yake, hakukubali haraka.

"Imelia. Ulisema ikilia unanipa ufunguo."

"Nilisema ikilia ovyo. Hii imelia kwa sababu kuna mtu alitaka kuchukua gari yangu."

Kanini ndiye alianza kucheka. Halafu wale wa boda. Halafu soko zima, mpaka Mutinda mwenyewe akaketi kwa gunia akicheka na kufuta uso.

"Kwani ilikuwa nini, Mwaitu?"

Nikamwambia. Raba, gundi, mikono yangu, yote. Akacheka zaidi.

"Cheka," nikamwambia. "Ukimaliza unieleze wewe ungeipata lini, huko kwa mnunuzi."

Akatoa ufunguo kwa ile pete yake, akauweka kwa mkono wangu, na mikono yake miwili, vile unampa mtu mkubwa kitu. Jioni hiyo akampigia Mwende mwenyewe akamwambia awaeleze wakwe. Yule mzee wa kamuti, nimesikia, amesema alijua tu ni raba.

Nilichojifunza ni hiki. Alarm ikilia, usianze kwa king'ora. Angalia taa inapepesa mara ngapi. Angalia inalia saa ngapi na mahali gani, na inanyamaza mahali gani. Tenga kitu kimoja kimoja. Na ukishamaliza kulaumu fundi na malori na uchawi, angalia pia ni nini wewe mwenyewe umebandika. Hiyo inauma, lakini ni bure.

Na nyinyi mlio na mama mwenye gari: kabla ya kumnunulia ng'ombe, muulizeni.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye alarm inayolia aandike hapa chini taa inapepesa ngapi na amepaki wapi, tuisikilize pamoja. Fundi mwenye kunirekebisha anirekebishe, nina ngozi ngumu. Mwenye kuniambia niuze, aanze na yake.

Mkiona nachelewa kujibu, nina magunia ya kufikisha Kitui, na dereva ni mimi.